Gari la Mashavu na Baraza la Utoto Halisi

Iko nchi moja, si hii yetu, tusije tukagombana bure. Iko mbali, nyuma ya milima ambayo kutoka hapa haionekani, na watu wake ni wapole na wanapenda elimu kuliko chakula, jambo linalofaa sana kwa sababu chakula chenyewe huko hakitoshi. Katika nchi hiyo, kazi ya nyumbani anayopewa mtoto wa shule si shughuli ya mtoto. Ni shughuli ya ukoo.

Sheria yenyewe ilitungwa kwa nia njema, kama sheria zote za huko. Waziri wa Elimu na Fahari aligundua kwamba wazazi wanawafanyia watoto wao kazi za shule, akawaka. Akasimama jukwaani akanguruma, "Kama familia nzima inafanya kazi, basi familia nzima itasahihishwa!" Watu wakapiga makofi kwa nguvu, maana kamera zilikuwa zimewaelekea. Tangu hapo, mtoto akifeli kazi ya nyumbani, kila anayelala chini ya paa lile anafeli naye. Bibi anafeli, mjomba anafeli, na mgeni aliyekuja kusalimia akachelewa basi la jioni, pole yake, naye anafeli.

Na kufeli huko si mchezo. Familia iliyo darasa la pili hairuhusiwi kumshitaki jirani. Familia ya darasa la tatu hairuhusiwi kuoza binti, mpaka ipande la nne. Familia isiyo na mtoto shuleni imehesabiwa kuwa imehitimu la saba, kwa hoja kwamba haijawahi kukosa swali hata moja. Hoja nzuri tu, ukiifikiria haraka.

Matokeo hayakufichwa. Kila Ijumaa alasiri redio ya taifa ilisoma Habari za Darasa, baada ya taarifa ya habari na kabla ya matangazo ya vifo, na nchi nzima ilitega sikio.

Sasa katika mji mmoja wa nchi hiyo alikuwepo mwanamke anaitwa Kibibi, fundi cherehani, mchekeshaji, mwenye umri ambao majirani walikuwa wameshaanza kuuliziauliza. Alikaa kwa kaka yake Mbwana, seremala, pamoja na wifi yake Riziki na mtoto wao mmoja, Mashavu, aliyekuwa Darasa la Tatu B, Shule ya Msingi Nuru ya Kesho. Na Kibibi alikuwa amepata mchumba. Shaweji, fundi saa, mtaratibu, ana meno mazuri, anacheka hata pasipo sababu. Mahari yameshapokewa, gauni limeshakatwa, limebaki kupindwa. Shaweji alikaa na mama yake tu, watu wa darasa la saba hao, hawana mtoto. Kilichobaki ni kwa akina Kibibi kupanda la nne, nako kulitegemea kazi moja ya mwisho: kutengeneza gari la kuchezea.

Gari! Nyumba ya seremala! Walicheka wakaambiana mambo yamekwisha.

Ijumaa hiyo walikaa wote kuizunguka redio. Riziki alikuwa ameshapika visheti.

"Habari za Darasa la Tatu B," mtangazaji alisema kwa sauti yake ya kusomea bajeti. "Wiki hii tumejifunza vyombo vya usafiri. Watoto walifurahi kwa muda uliopangwa. Tunaikumbusha familia ya mfinyanzi kwamba nyanya yao bado hajarudisha kitabu cha kusoma. Familia ya Mbwana seremala imeleta gari la mti wa mninga, lililopigwa vanishi, lenye milango inayofunguka na vitasa vya shaba. Mkaguzi amebaini kuwa hii si kazi ya mtoto. Familia imefeli. Inapewa nafasi ya mwisho kabla shule hazijafungwa. Ikishindwa, itarudia mwaka mzima. Sasa tunaendelea na matangazo ya vifo."

Kibibi akaizima redio.

"Vitasa, kaka?" alisema. "Vitasa vya shaba?"

"Mlango bila kitasa unafunguliwaje?" Mbwana alijibu, na uso wake ulionyesha kwamba alikuwa anauliza kweli.

Kesho yake tu, Bi. Zuhura akaja, mama yake Shaweji, na Shaweji mwenyewe nyuma yake akitazama viatu vyake. Bi. Zuhura alikuwa mwanamke mnene, mwenye heshima zake, na tangu sheria itoke alitembea kidarasa la saba, kidevu juu. Kibibi alipiga goti akamwamkia. Mgeni alitandikiwa mkeka akaketi, akala visheti vyote vya jana, kisha akapangusa vidole.

"Mwanangu Kibibi, mimi sina neno na wewe," alisema. "Unajua kupika, unajua kushona, mdomo wako mrefu kidogo lakini utapungua. Ila la tatu! Nitawaambia nini watu? Kwamba mwanangu, mhitimu, anangoja mwanamke amalize kujifunza vyombo vya usafiri?"

"Mama, ni muhula huu tu, tutapita."

"Mpite. Maana shule zikifungwa nanyi mko hapo hapo, mimi nina jirani yangu ana binti. Familia ya la sita. Wameshafika kwenye asilimia."

"Shaweji," Kibibi akamgeukia mchumba wake, "na wewe unasemaje?"

"Mimi nasubiri," Shaweji alisema. Mama yake alimtazama. "Kwa kadiri mama atakavyosubiri," akamalizia.

Walipoondoka, Kibibi alijifungia chumbani akalia kilio cha haja, uso kwenye gauni lenyewe. Alimpenda yule mwanamume, na meno yake na woga wake wote. Kisha akanawa uso, akatoka, akatangaza kwamba gari atalitengeneza yeye. Kaka haruhusiwi kugusa hata gundi.

Kwanza alikwenda kutazama mfano. Maana pale Wizarani, ndani ya kabati la kioo, liliwekwa Gari Sanifu la Mtoto, ili wananchi wajue utoto unafananaje. Lilikuwa limeundwa na kamati ya wataalamu waliopelekwa ng'ambo kusomea jambo hilo. Gurudumu moja lilikuwa na pembe. Mlango ulichorwa kwenye paa. Halikwenda mbele wala nyuma, na chini yake pameandikwa kwa dhahabu: UTOTO HALISI. Kulikuwa na foleni ya wazazi wakilikodolea macho. Mzee mmoja mbele ya Kibibi alikuwa analia kwa kukata tamaa, mhandisi wa madaraja huyo, kila akijaribu kupinda kitu kinatoka kimenyooka.

Kibibi alilipima kwa jicho, kama anavyompima mteja asiyependa kuguswa, akarudi nyumbani na picha nzima kichwani.

Jioni ile akaketi mezani na boksi, gundi na visoda, akaanza kuharibu. Jamani, msione watu wanaharibu mkadhani ni rahisi! Kuharibu kwa makusudi kunataka utulivu. Alipinda huku, akabandua kule, akapaka rangi nje ya mstari, ulimi nje.

Mashavu alisimama pembeni yake akitazama, kidole puani.

"Shangazi, nipe mimi nitengeneze."

"Ebu niache mwanangu."

"Lakini mwalimu amesema tutengeneze sisi."

"Mwalimu amesema, na mimi nimesema. Hii ni kazi ya shule, si ya kuchezea. Toa mkono! Nenda kacheze huko."

Mashavu akaenda kucheza huko. Huko kwenyewe kulikuwa chini ya meza ile ile. Alikuwa na kopo la samaki, vipande vya waya alivyookota gereji ya jirani, na kandambili moja ya baba yake ambayo nyumba nzima ilikuwa inaitafuta tangu asubuhi. Akaikata kandambili kwa wembe mkongwe, miduara, akaitoboa katikati, akapitisha waya. Akapinda waya mwingine mrefu ukawa usukani wa kushikia ukiwa umesimama. Hakuna aliyemwuliza anafanya nini. Mtoto alikuwa kimya, na katika nchi ile mtoto akiwa kimya huhesabiwa kuwa anasoma.

Kibibi alimaliza, akalitazama gari lake. Lilikuwa baya kupita kiasi. Limeinama upande, lina macho badala ya taa, gurudumu moja limebandikwa kwenye boneti. Akalibusu, akaliweka kabatini, akalala akiota ndoa.

Asubuhi alikuta limenyooka.

"Mbwana!" Sauti yake ilifika barabara ya pili. "Umefanya nini?"

Kaka yake alikuwa mlangoni ameshika randa, ameinamisha kichwa. "Niliamka kunywa maji," alisema. "Nikaliona. Dada, lilikuwa limepinda. Nilirudi kulala, nikashindwa. Mkono uliniwasha. Nikasema ninyooshe gurudumu moja tu."

"Na vitasa je?"

"Na vitasa," Mbwana alikubali kwa sauti ndogo.

Kibibi alikaa sakafuni, akashika kichwa. Siku yenyewe ndiyo hiyo, mwisho wa kupokea kazi, kengele ya shule inagongwa. Riziki alianza kumfokea mumewe, mumewe akaanza kutafuta kandambili yake ili atoke nje kukwepa, na katikati ya vurugu hiyo Mashavu alipita sebuleni akiendesha gari lake. Alilisukuma kwa ule waya mrefu, likapita kati ya miguu ya baba yake, likakata kona kwenye mguu wa meza, likazunguka cherehani, likarudi.

Riziki akaacha kumfokea mumewe, akageuka.

"Nani kakutengenezea hilo?" Riziki aliuliza.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi Mashavu."

Watu wazima wakatazamana. Halikufanana hata kidogo na lile la kwenye kabati la kioo. Lakini muda ulikuwa umekwisha, wakalipeleka shuleni hilo hilo, na Kibibi akajisemea moyoni kwamba angalau safari hii hakuna atakayesema uongo. Maskini, alidhani hilo linasaidia.

Ijumaa ikafika. Bi. Zuhura alikuja kusikiliza redio pale pale, ili asihadithiwe.

"Habari za Darasa la Tatu B. Wiki hii tumejifunza ukweli. Familia ya Mbwana seremala imeleta gari linalokwenda." Mtangazaji alimeza mate. "Tunarudia, linakwenda. Na linakata kona. Wataalamu wamethibitisha kwamba hakuna mtoto katika historia ya Wizara aliyewahi kuleta gari linalokwenda. Familia inashitakiwa kwa kughushi utoto. Itafika mbele ya Baraza la Utoto Halisi Jumatatu. Ikipatikana na hatia, itashushwa mpaka chekechea."

Riziki akapiga ukelele. Maana waliowahi kushushwa chekechea walijulikana mjini. Kisheria walitakiwa kulala kila mchana, kuvaa jina lao kifuani, na kutovuka barabara bila kushikwa mkono. Kulikuwa na hakimu mzima aliyefikwa na hayo, na mpaka leo hukumu zake anazisoma baada ya uji.

Bi. Zuhura alijifunga khanga vizuri. "Basi," alisema, "mimi nikamwone yule jirani yangu." Lakini Shaweji, kwa mara ya kwanza maishani, hakuinuka alipoinuka mama yake. Alishika ukingo wa mkeka, akabaki.

"Mpaka Jumatatu, mama," alisema. Kibibi alitaka kumkumbatia mbele ya watu wote.

Ukumbi wa Baraza ulikuwa mkubwa na una zulia. Mwenyekiti wake, Profesa Lutengano, alikuwa bingwa wa utoto, aliyeandika juu ya watoto vitabu vinene sana bila kuwahi kusumbuliwa nao. Wajumbe walikaa kulia na kushoto kwake, suti na tai. Mezani lilikuwapo gari la Mashavu, limefungwa utepe mwekundu kama kielelezo.

"Shikamoo," alisema Mashavu.

Profesa aliinamia kwa wajumbe, wakanong'onezana, kisha akajibu, "Marahaba. Baraza limeipokea salamu na litaifanyia kazi." Akakohoa. "Wananchi! Utoto ni hazina ya taifa. Utoto ni mpindo, ni mkunjo, ni kasoro iliyopangwa! Taifa haliwezi kukubali kazi za watoto wake ziingiliwe na watu wanaojua wanachofanya!"

"Mheshimiwa," Kibibi alisimama, "mtoto kalitengeneza mwenyewe. Wallahi. Sisi tulikuwa na letu, tukalishindwa."

Ukumbi ukacheka. Mbwana akaona aibu, akatazama miguu yake, mmoja una kandambili.

"Rahisi tu," Profesa alisema. "Na atengeneze lingine hapa, mbele yetu. Mleteeni vifaa. Na mtu mzima yeyote asimguse!"

Kopo likaletwa, na waya, na kandambili ya pili ya Mbwana, aliyoitoa mwenyewe kwa moyo mzito. Mashavu akaketi kwenye zulia, akakunja miguu, akaanza. Akaupinda waya wa kwanza, ukateleza. Akaupinda tena. Kibibi alikuwa amekaa mbele kabisa, na vidole vyote vilikuwa vinamwasha. Ashike kidogo tu! Amwonyeshe tu! Ndoa yake ilikuwa kwenye ule waya. Akaweka mikono chini ya mapaja yake, akaikalia kwa uzito wake wote.

Lakini Baraza halikuikalia yake.

"Usishike hivyo," alisema Profesa, "utajichoma."

"Sijichomi," alisema Mashavu.

"Lete nikuonyeshe tu." Akashuka kwenye kiti, akaupokea waya. "Unaona? Hivi. Halafu hivi."

"Si hivyo, Mheshimiwa Mwenyekiti," mjumbe mmoja alisema akivua koti. "Mimi nilikuwa nayo haya nikiwa mdogo. Kopo kwanza."

"Magurudumu kwanza!" mwingine akadakia, naye yuko magotini tayari. "Lete huo wembe."

"Nimeushika mimi!"

Basi ikawa vuta nikuvute. Suti zikachafuka, tai zikatupwa mgongoni. Mama mjumbe wa mwisho, aliyekuwa ametulia kwa heshima, akashindwa naye akaruka meza akiuliza taa zinawekwa na nani. Profesa alitoboa gurudumu pembeni badala ya katikati. Mjumbe wa kopo alilifunga juu chini. Walisukumana, wakanuniana, mmoja akatishia kutocheza tena. Mashavu alikuwa amerudi nyuma, ameegemea ukuta, anauma kucha, anawatazama tu.

Mwishoni Profesa aliinuka, jasho likimtiririka, akaweka kitu mezani. Kilisimama kidogo, kikaanguka ubavu. Kilikuwa kama kopo lililokanyagwa na ng'ombe. Wajumbe walikizunguka, wakafuta miwani, wakakitazama, na taratibu nyuso zao zikaanza kung'aa.

"Tazameni mpindo huo," mmoja alinong'ona.

"Haliendi!" alisema mwingine kwa furaha. "Nimelisukuma, haliendi kabisa!"

"Utoto mtupu," Profesa alisema, na machozi yalimlengalenga. "Miaka yote hii natafuta kazi isiyoguswa na mtu mzima. Hatimaye."

"Lakini mimi sijatengeneza kitu," Mashavu alisema pale ukutani. "Mmetengeneza nyinyi."

Kibibi alimkonyeza anyamaze.

Profesa akaangua kicheko. "Mmemsikia? Kavunja, halafu anawasingizia wakubwa! Mnataka ushahidi gani tena wa utoto? Familia imefaulu. Imefaulu kwa heshima zote!" Akagonga meza, na kile kitu kikaanguka tena.

Mlangoni Mashavu aliomba arudishiwe gari lake la kwanza. Aliambiwa haiwezekani, ni kielelezo cha serikali, kitahifadhiwa ofisini kwa Mwenyekiti. Wafanya usafi wa jengo lile wanasema kwamba tangu wakati huo, mchana wa saa za kazi, mlango wa Profesa hufungwa kwa ndani na husikika sauti ya mtu mzima akinguruma kwa midomo, na kupiga honi kwenye kona.

"Shangazi," Mashavu aliuliza walipokuwa njiani, "yule babu yuko darasa la ngapi?"

"Amemaliza yote, mwanangu."

"Amejitahidi," alisema Mashavu. "Lakini tundu la gurudumu linakaa katikati."

Kibibi alicheka mpaka akashika ukuta wa nyumba ya watu. Kisha, katikati ya kicheko, akakumbuka ile jioni mezani, "toa mkono, nenda kacheze huko," na kicheko kikamkauka. Akachuchumaa barabarani, akamshika Mashavu mashavu yake, akamwomba radhi. Mtoto alimwangalia kwa mshangao, maana katika nchi ile hakuwahi kuona mtu mzima akifanya hivyo, akadhani shangazi ana homa.

Harusi ilifanyika kabla shule hazijafungwa. Redio ilisoma: "Familia ya Mbwana imepanda la nne. Bi. Kibibi yuko huru kuolewa. Wiki ijayo Darasa la Nne litajifunza ndege, familia zianze kukusanya mabati." Bi. Zuhura, aliyekwisha kusahau habari za jirani yake na asilimia zake, alipiga vigelegele kuliko watu wote, akacheza, akakaa karibu na bibi harusi akihema.

"Sasa kilichobaki ni mjukuu," alisema kwa sauti ya kusikika. "Haraka, mwanangu. Nataka kumbeba nikiwa na nguvu."

Mashavu alikuwa amekaa chini hapo, akimalizia kitu mapajani. "Bibi," alisema bila kuinua macho, "mkipata mtoto, akianza shule si mtaanza naye wote chekechea?"

Kidevu cha Bi. Zuhura, kwa mara ya kwanza tangu sheria itoke, kikashuka.

"Usiogope," Mashavu alimwambia kwa upole. "Kulala mchana si kugumu. Nitakufundisha."

Kisha akasimama akampa shangazi yake zawadi. Gari jipya la kopo, na ndani yake bibi na bwana wamekaa, wametengenezwa kwa vitambaa vilivyobaki kwenye gauni la harusi. Bwana alikuwa na meno mengi. Usukani wa waya ulikuwa umepinda kidogo upande wa kulia, kidogo sana, mtu angeweza kuunyoosha kwa kidole kimoja.

Mbwana aliuona, akarudisha mikono mfukoni. Shaweji, fundi saa, aliuona, akameza mate. Bi. Zuhura akanyoosha mkono wake wenye hina. Kibibi akaudaka hewani.

"Usiguse, mama," alisema. "Kamaliza mwenyewe."